Somo la 27: Kinyonga mwenye kuumwa tumbo

1. Mtoto mmoja wa Kolwezi alikuwa na kinyonga. Alimwokota mwezi wa nne, katika pori lililo upande wa ziwa la Nzilo. Alimweka katika sanduku la mbao, na sanduku akaliweka jikoni, chini ya meza. Kila siku, masomo yakiisha, alitafuta panzi akamletea. Kinyonga alikula vema, na mtoto alimpenda sana.

Mwezi wa sita ukafika. Watu wote wa Kolwezi wanajua baridi ya mwezi huo. Mji umejengwa mahali pa juu, zaidi ya meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi mawingu ni haba, na usiku joto la nchi hupanda likapotea. Asubuhi watoto huenda masomoni wakitetemeka.

Kinyonga akaacha kula. Tumbo lake likavimba. Macho yake yakaingia ndani. Siku nane zikapita, wala hakutoa mavi. Mtoto akaogopa, kwa maana mwaka uliotangulia alikuwa na kinyonga mwingine, na yule alikufa. Wakati ule yaya yake alisema: «Hana nguvu kwa sababu hali.» Wakamfungua kinywa kwa kijiti, wakamsukumia panzi na kipande cha bukari. Kesho yake wakamkuta amekufa.

Sasa yaya alikuwa tayari kushika kijiti tena. Nkambo naye alisema: «Mtupeni nje. Nyama huyu ana sumu, tena huleta bahati mbaya.» Mtoto hakumtupa kinyonga, wala hakukubali kijiti. Alichukua sanduku lake, akaenda kwa mwalimu.

2. Mwalimu hakumgusa kinyonga kwanza. Aliuliza maneno matatu: «Analala wapi? Anakunywa wapi? Alikula nini mara ya mwisho?»

Mtoto akajibu: «Mwalimu, analala jikoni chini ya meza. Nimemwekea maji katika kisahani, lakini sijamwona akinywa. Mara ya mwisho alikula panzi wawili wakubwa, wenye miiba miguuni.»

Mwalimu akasema: «Basi, mwanangu, ugonjwa wake umekwisha kuutaja wewe mwenyewe. Sikiliza.»

3. Mwili wa mtu una moto wake wa ndani. Kukiwa na baridi ao joto, damu yetu hukaa karibu na digri 37. Kinyonga si hivyo. Yeye hupata joto lake kwa jua. Asubuhi husimama juu ya tawi, hugeuza ubavu wake kwenye jua, na ngozi yake huwa nyeusi ili ipokee joto upesi. Mwili ukipata moto, tumbo linaanza kazi. Mwili ukiwa baridi, maji ya tumbo yenye kuyeyusha chakula hufanya kazi pole pole sana, ao hayafanyi kabisa. Chakula kinakaa, kinaoza, na tumbo linavimba.

Ndiyo sababu kinyonga wa porini hali sana wakati wa baridi. Kukataa chakula si ukaidi. Anajilinda. Mtu anayemlisha kwa nguvu anaongeza mzigo juu ya mzigo. Tena chakula kinaweza kuingia katika njia ya pumzi na kumwua. Na bukari si chakula chake hata kidogo: kinyonga hula wadudu.

Sababu ya pili ni kiu. Vinyonga wengi hawajui kunywa katika kisahani. Hulamba matone ya umande na ya mvua juu ya majani. Wakati wa kiangazi mvua hakuna, na ndani ya sanduku umande haufiki. Kinyonga mwenye kiu mavi yake hukauka tumboni, yakaziba njia.

4. Mwalimu akamwonyesha dawa, nazo hazikuwa za kununua.

Kwanza, jua. Asubuhi, umande ukikauka, kinyonga awekwe nje juu ya tawi. Upande mmoja uwe na jua, upande mwingine uwe na kivuli, ili achague mwenyewe. Asifungwe ndani ya chupa wala mkebe wa bati juani, maana atakufa upesi. Usiku aingizwe nyumbani, mahali pasipo upepo wala moshi.

Pili, maji. Majani yanyunyiziwe maji safi asubuhi na mchana. Kinyonga ataona matone yaking'aa, naye atalamba pole pole.

Tatu, kungoja. Asipewe chakula mpaka tumbo lifunguke. Kisha apewe mdudu mmoja mdogo na laini, asizidi upana wa kichwa chake mwenyewe. Wadudu wasikamatwe palipopigwa dawa ya kuua wadudu, wala kando ya barabara ya magari ya migodi, palipo na vumbi jingi.

Mtoto alifanya hivyo. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, kinyonga alilamba matone. Yaya alicheka: «Unampa mgonjwa maji na jua tu?» Siku ya tano kinyonga alitoa mavi makavu, na ndani yake miguu ya panzi bado mizima. Mtoto alipiga kelele ya furaha, hata mama akatoka jikoni kutazama. Siku mbili baadaye kinyonga aligeuza jicho moja kwa panzi mdogo, kisha jicho la pili, akatupa ulimi.

5. Mtu anayefuga kinyonga huangalia mavi yake kila mara. Mavi mazuri yana sehemu mbili: nyeusi, ambayo ni chakula kilichobaki, na nyeupe, ambayo ni mkojo wake mkavu. Sehemu nyeupe ikiwa ya manjano sana, kinyonga ana kiu. Mavi yakiwa maji maji yenye harufu mbaya, pengine ana minyoo, ao sanduku lake ni chafu. Hapo mganga wa nyama atatazama mavi kwa kioo cha kukuza. Msimpe kinyonga vidonge vya watu. Vinyonga wengi hawafiki gramu 100. Dawa kidogo ya mtu ni sumu kwake.

Yeye mwenyewe hana sumu, na Nkambo alipomwona akila mkononi mwa mtoto hakusema tena neno la sumu. Lakini kinyonga, hata mzima, anaweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela, vyenye kuharisha watu. Kwa hiyo kila aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni, na sanduku lisiwekwe mahali pa kupikia.

6. Mvua za kwanza zilipoanza, mwezi wa kumi, mwalimu alimwuliza mtoto: «Mwaka ujao, baridi ikirudi, utafanya nini?» Mtoto alifikiri usiku kucha. Asubuhi alichukua kinyonga, akarudi naye katika pori lile lile alikomwokota. Alimweka juu ya tawi. Kinyonga alisimama kidogo, akatikisika kama jani, akashika tawi la pili, akaenda zake. Mtoto alirudi nyumbani na sanduku tupu. Njiani alilia kidogo, lakini hakujuta.

MASWALI

1. Kwa nini kinyonga wa kwanza alikufa?
2. Eleza tofauti ya joto la mwili wa mtu na la kinyonga.
3. Kinyonga hunywa maji namna gani?
4. Mavi ya kinyonga yanatuonyesha nini?
5. Mtoto alimpenda kinyonga. Kwa nini basi alimrudisha porini? Wewe ungefanya nini?