Vidokezo vya kuibana namba kubwa mpaka itoe vigawo vyake

Chukua 4,294,967,297. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa sana hesabu, aliamini kuwa ni namba tasa. Wewe una kalamu na karatasi tu. Unaanzaje kuipima?

1. Maliza mepesi kwanza. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 haziigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi hata 3 imetoka.

2. Pima 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja. Kata namba tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001, yoyote kati ya hizo tatu inayoigawa namba yetu lazima iigawe na 380. Hakuna. Mbinu tamu hii, na watoto wa shule wangeifurahia.

3. Jua pa kukomea. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Hapa ni 65,536 na chembe. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542, na kuzijaribu zote kwa mkono ni adhabu.

4. Kwa hiyo, kabla hujagawanya, tazama namba imejengwaje. Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Tuseme namba tasa p inaigawa. Ukiendelea kuzidisha 2 kwa 2 na kuangalia baki la kugawanya kwa p, kwenye kipeo cha 32 unapata −1, kwa hiyo baki la 1 linarudi kwa mara ya kwanza kwenye kipeo cha 64. Kanuni ya Fermat mwenyewe inasema linarudi pia kwenye kipeo cha p − 1. Basi p − 1 ni kigawe cha 64! Namba tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, 641… Mwanahisabati Leonhard Euler alipita njia hii, na mwaka 1732 alionyesha kuwa 641 inaigawa bila baki.

5. Hakikisha mwenyewe. Kigawo cha pili ni 6,700,417. Kizidishe kwa 600: 4,020,250,200. Kwa 41: 274,717,097. Jumlisha uone.

6. Ukitumia kompyuta, usipime kwa 2 peke yake. Kipimo cha kawaida huipa 2 kipeo cha namba yako ukitoa 1. Gawanya jibu kwa namba yako: baki lisipokuwa 1, namba si tasa. Hii yetu inafaulu kipimo hicho ilhali si tasa. Weka 3 mahali pa 2, inaanguka papo hapo.