SOMO LA KAZI: KUHAMISHA MTI MKUBWA



Meneja akitaka kivuli upesi mbele ya ofisi, amri hutoka: ng'oeni mti ule mkubwa, muupande hapa. Kabla ya kushika jembe, yafaa tujue uzito wake.

Pima unene wa shina, yaani upana kutoka upande hadi upande, sentimita 30 juu ya ardhi. Bonge la udongo litakalobaki na mizizi lisipungue mara kumi ya kipimo hicho. Shina la sentimita 20 ladai bonge la mita 2 kwa upana. Kina cha sentimita 75 chatosha, kwani mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi. Sasa piga hesabu. Bonge hilo ni karibu mita 2 za ujazo, na kila mita ya udongo wenye unyevu ni tani moja na nusu au zaidi. Hizo ni tani 3, bado shina na matawi. Gari la tani 3 limekwisha kuzidiwa. Kuwapanga watu ishirini na kamba na magogo ni kutafuta wa kuvunjika mguu. Kazi hii ni ya kreni, na kamati ya wafanyakazi iseme hivyo kabla ya siku ya kazi. Kamba zishike bonge, si shina, maana gome likichunika mti hufa. Asisimame mtu chini ya mzigo, na waya za umeme zitazamwe kwanza.

Katika kuchagua, minazi na mitende huvumilia kuhamishwa. Miti yenye mzizi mkuu uliozama sana husumbua. Kataa shina lenye matundu ya wadudu au lililozungukwa na mzizi wake wenyewe kama kitanzi. Mti ukishachaguliwa, chimba mfereji kuuzunguka nusu, ujaze udongo laini wenye samadi. Baada ya miezi kadhaa fanya nusu ya pili. Mizizi midogo itaota karibu, nayo ndiyo itakayouokoa. Hamisha mvua zinapoanza.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge, lakini lisizidi kina chake. Hapa wengi hukosea: hufukia shina kama nguzo ya simu. Pale shina linapopanuka kuwa mizizi pabaki juu ya ardhi.

Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2020 mgumo mkubwa wa Westlands, Nairobi, ulikuwa katika njia ya barabara mpya; watu walipinga, serikali ikaamua ubaki mahali pake. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa ipelekwe Georgia, na Rais Ruto akaagiza kibali kichunguzwe. Kwa maoni yetu mti mzee wenye afya uachwe ulipo. Mche mdogo huzoea ardhi mapema, na mara nyingi huupita ule mkubwa uliohamishwa.

Meneja akishikilia lake, aulizwe habari ya maji. Mti huo utamwagiliwa mwaka mzima au zaidi, na majani makavu yatandazwe chini bila kugusa shina. Jina la mwagiliaji liandikwe katika orodha ya kazi, na Jumapili zake zilipwe kama kazi ya ziada.