"Censure" Ni Kufanyaje kwa Kiswahili?

Neno ninaloandika habari zake si la Kiswahili, lakini limekitia chama chetu hasara, na mkosaji ni mimi katibu.

Muhula uliopita basi letu lilirudi usiku kutoka kongamano la Kiswahili, nasi hatukuwa tumewaarifu walimu. Siku ya tatu ikaja barua ya Kiingereza kutoka ofisini. Ilisema kuwa chama kimepewa "censure". Nami, kwa haraka ya kujionyesha, nikawatafsiria wenzangu palepale mkutanoni: "Ati maandishi yetu yote yatachujwa!" Kelele zikazuka. Mshairi mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa ametunga beti tano kuhusu foleni ya maji bwenini, akalichana shairi lake vipande vipande. Heri life, akasema, kuliko kukatwa ulimi.

Kumbe wapi! Mwalimu mlezi alipoisoma barua alicheka kwanza, kisha akanyamaza alipoona vipande sakafuni. Mimi nilikuwa nimesoma "censor". Maneno haya mawili ni ndugu, asili yao ni Kilatini. Roma ya kale ilikuwa na maofisa waliohesabu raia na kuchunguza mienendo yao. Hata sensa yetu jina lake limetoka huko. Lakini "censor" hukata maneno ya mtu, na "censure" humlaumu mtu kwa alilotenda.

Tena si lawama ya vivi hivi. Mama akinifokea kwa kuunguza maharagwe, amenikaripia tu. Mhakiki akionyesha dosari za riwaya, anakosoa. Nikianika siri za jirani ili aaibike, nakashifu. "Censure" hutaka mwenye mamlaka, utaratibu na maandishi. Mwaka wa 1834 Seneti ya Marekani ilimpitishia Rais Andrew Jackson hoja ya namna hiyo, katika ugomvi kuhusu fedha za serikali zilizokuwa benki. Hakuondolewa madarakani, lakini yale maandishi yalimkera. Mwaka wa 1837, wafuasi wake wakiwa wengi barazani, Seneti iliamuru hoja ifutwe, na kitabu cha kumbukumbu kikachorwa mistari myeusi kuizunguka. Nani angehangaika miaka mitatu kwa sababu ya kufokewa?

Sasa tulitafsirije? Wengine husema "kushutumu", ila mimi naliona lina ukali wa matusi ndani yake. Nimetumia "kulaumu rasmi" katika kumbukumbu za chama. Ni maneno mawili, najua. Mwenye moja linalotosha na alilete kikaoni.

Yule mshairi nilimwomba radhi. Beti nne amezikumbuka, nazo zimo katika toleo hili. Wa tano, ambao yeye mwenyewe anasema ndio uliokuwa mtamu, haujamrudia hadi leo.