SOMO LA MWEZI: WANNE WALIOBEBA KITANDA
(Marko 2:1–12)



Somo letu la mwezi huu latoka katika Injili ya Marko, sura ya 2, mstari wa 1 hadi wa 12. Yafaa kila mmoja alisome kwanza nyumbani, ndipo mlijadili katika vikundi vyenu. Habari yenyewe twaifahamu tangu mafundisho ya kipaimara. Mtu aliyepooza aliletwa kwa Bwana Yesu huko Kapernaumu. Mlango ulikuwa umezibwa na watu, nao waliombeba wakapanda juu ya nyumba, wakalitoboa dari, wakamshusha. Tumezoea kuhubiriwa juu ya kusamehewa dhambi kwake, na ni haki. Lakini safari hii twataka tuwatazame wale waliombeba.

Marko asema walikuwa wanne. Hatuambiwi majina yao, wala kama walikuwa ndugu zake ama majirani tu. Twaambiwa kwamba Bwana aliiona imani yao. Hawakumponya wao, kazi yao ilikuwa kubeba, na kutokubali kurudi nyumbani walipoona mlango umeziba. (Dari la watu nadhani lilitengenezwa baadaye, na bila shaka kuna aliyelipia. Injili haitaji gharama hiyo, lakini mwenye nyumba hakuisahau!)

Sisi wa milima ya Umatengo na wa pwani ya Ziwa Nyasa hatuna haja ya kufundishwa kubeba mgonjwa. Kabla ya magari kuzoeleka, mgonjwa wa milimani alibebwa kwa machela hadi Litembo, na wa ziwani akapakiwa mtumbwini kwenda Hospitali ya Mtakatifu Anna, Liuli. Wabebaji walipokezana njiani bila kuhesabiana zamu. Leo iko barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, na pikipiki hupanda hata vitongoji vya juu. Machela imekuwa kitu adimu.

Lakini wako wagonjwa ambao machela yao haitui chini. Ni watoto wenye kifafa, wenye selimundu, wenye mtindio wa ubongo, waliozaliwa na mgongo wazi. Ugonjwa wa juma moja huleta watu wengi uani. Ugonjwa wa miaka kumi huwapunguza mmoja mmoja, mpaka anabaki mbebaji mmoja tu, naye mara nyingi ni mama. Baba wengine, twasikitika kusema, huondoka mapema kuliko majirani.

Tutazame kifafa kwa kirefu, maana ndicho kinachoogopwa zaidi. Wengi bado huamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza, basi mtoto anapoanguka watu husimama mbali. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Bibi Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, ng'ambo ya kaskazini ya milima yetu. Aliwakuta wagonjwa wamefichwa, wanakula peke yao, na wengi wana makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Alipowapa dawa ya kumeza kila siku, wengi wao kifafa kilipungua sana, wakarudi kulima na kukaa na wenzao.

Hivyo na tuseme wazi. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu. Mtoto akianguka, mwondolee vitu vigumu vilivyo karibu, mlaze kwa ubavu, mlegezee nguo shingoni, ukae naye mpaka azinduke. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimmwagie maji, usimkandamize. Kikipita dakika 5 bila kutulia, apelekwe hospitali. Na dawa isikatishwe ghafla hata kama mtoto hajaanguka kwa miezi mingi, kwa maana kuiacha ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua.

Wako watakaouliza: mbona Marko sura ya 9 yasema yule kijana alikuwa na pepo? Someni vizuri sura hiyo. Bwana alimwuliza baba yake hali hiyo imeanza lini, akamsikiliza. Na baba akataja hatari mbili: kuangukia motoni na kuangukia majini. Je, si hizo hizo mafiga yetu na ziwa letu? Mtoto wa Lituhi au Mbamba Bay mwenye kifafa asiachwe kuoga ziwani peke yake, wala kupanda mtumbwi bila mtu mzima. Na huko milimani jiko lizungushiwe ukuta mfupi wa udongo. Kazi hiyo vijana wawili huimaliza kwa siku moja. Tuombe, ndiyo, tena tuombe sana. Lakini anayemwambia mama atupe vidonge ili kuonyesha imani anamhatarisha mtoto wa watu. Yoshua bin Sira, sura ya 38, atufundisha kumheshimu mganga na dawa pamoja na sala, wala haoni ugomvi kati yake.

Juu ya selimundu tutasema machache. Inakadiriwa kwamba hapa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo. Hurithiwa kwa baba na kwa mama wote wawili, hivyo kumlaumu mama peke yake ni kutojua. Baridi huamsha maumivu, na Umatengo wa mwezi Juni na Julai twaujua. Blanketi la pili, maji mengi ya kunywa, chandarua na kuwahi hospitali homa inapoanza, hayo ni makubwa kuliko pole nyingi.

Kadhalika tusirudie swali la wanafunzi katika Yohana sura ya 9, ni nani aliyetenda dhambi. Bwana alilikataa. Hata hivyo swali hilo bado latembea vilabuni, visimani na, tusifichane, nje ya kanisa baada ya Misa.

Sasa tufanye nini? Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu. Jamaa wa ukoo walikusanyika kwa mkubwa wao, kila nyumba ikaleta chakula chake, wakala pamoja na kuzungumza mambo yao. Nyumba ambayo haikuvuna ilikula vilevile, wala hakuna aliyeuliza ilileta nini. Pia ilikuwapo ngokela, kazi ya pamoja ya shambani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliofanya kazi wilayani Mbinga kuanzia miaka ya 1990 waliiandika sengu kwa heshima, wakaona kwamba yaweza kuwa msingi wa maendeleo ya kijiji. Ajabu ni kwamba wageni wameisifu wakati sisi wenyewe twaiacha. Na wavuvi wa pwani nao wajua kwamba wavu wa kukokota hauvutwi na mtu mmoja.

Twapendekeza basi kwamba kila mtaa uwajue watoto hawa, na kila mtoto awe na watu wanne. Wa kwanza afuate dawa hospitali kila mwezi, hasa wakati wa kuchuma kahawa na wakati wa masika, maana ndipo dawa hukatika. Wa pili akae na mtoto Jumapili moja kwa mwezi ili mama apate Ekaristi na, baadaye, apumzike kidogo. Wa tatu aandae watu wa kumlimia. Wa nne ashike fedha za nauli, zikiandikwa daftarini mbele ya wazee wa kanisa. Mama zetu wa Umoja wa Mama wasiachiwe mzigo wote; angalau wawili kati ya wanne wawe wanaume.

Mkiuliza watatoka wapi, tazameni kitabu cha ubatizo. Mtoto huyo alibatizwa. Alikuwa na wasimamizi, nao waliahidi mbele ya Mungu na mbele yetu. Waitwe hao kwanza.

Tena tusisahau haki zao serikalini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yawahusu watoto pia, katika elimu, matibabu na mengineyo. Mmoja wa wale wanne aandamane na mzazi kwenda kwa mtendaji wa kijiji kuhakikisha jina la mtoto limeandikwa. Mama aliyekwenda peke yake mara tatu akaambiwa arudi kesho, akienda na mzee wa kanisa husikilizwa upesi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa majadiliano: katika mtaa wenu wako watoto wangapi wa namna hii, na wangapi kati yao mmewaona kanisani mwaka huu? Wasimamizi wao wa ubatizo ni akina nani, na wanaishi wapi sasa? Ni mtoto yupi amenyimwa kipaimara kwa sababu hasemi vizuri, na ni nani atakayelipeleka jambo hilo kwa Padre? Majibu yaandikwe, yapelekwe kwa katibu wa halmashauri ya parokia kabla ya kikao kijacho.