Dondoo muhimu: Raba mpya za milango kwa gari la zamani

Kwenye Peugeot 504 au Land Rover ya zamani, raba za milango zikichoka, vumbi la barabara ya Kamsamba hujaa ndani kiangazi, na mvua za Novemba hadi Aprili huozesha sakafu. Zibadilishe kabla ya mvua.

Nenda dukani Tunduma na kipande cha raba ya zamani, ulinganishe umbo na unene. Raba nene kupita kiasi ni hasara: mlango haufungi mpaka uubamize, na bawaba zinaumia.

Kwangua gundi yote ya zamani, futa kwa thina. Ukikuta kutu, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha, na raba hubanduka baada ya miezi michache.

Jaribu raba bila gundi kwanza. Juni na Julai baridi ya Tunduma huikakamaza, basi ianike juani ilainike. Usiivute, hasa kwenye kona. Ikivutwa hurudi na kuacha mwanya. Paka gundi pande zote mbili, subiri inate kidogo, kisha bandika. Maungio yawe chini, na usizibe vitundu vya kutolea maji.

Funga mlango, uuache umefungwa usiku mzima. Asubuhi bana karatasi mlangoni na uivute, sehemu moja baada ya nyingine. Inapochomoka bila ukinzani, rekebisha kitasa upande wa nguzo. Grisi isiguse raba, huivimbisha. Ili raba isinate mlangoni, poda ya mtoto inatosha.