Bando Likiisha, Wifi Haijafa



Mwaka jana, wiki moja kabla ya mtihani, bando la kile kifaa chetu kidogo cha wifi liliisha. Mwanafunzi mmoja akakizima, akakirudisha kabatini na kusema, "Ustadh, wifi imekufa." Jioni hiyo wanafunzi kumi na wawili wa darasa la tajwidi wakanunua bando, kila mmoja kwenye simu yake, ili wapate faili moja la muhtasari ambalo mwenzao waliyeketi naye alikuwa nalo tayari. Fedha zile ni za wazazi. Nami nilikuwapo nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa sijui. Basi somo hili ni deni ninalolilipa.

Wifi si intaneti. Kifaa kile kina kazi mbili. Kwa upande wa nje, kupitia laini iliyomo ndani yake, huwasiliana na mnara wa kampuni ya simu, na hapo ndipo bando linapoliwa. Kwa upande wa ndani hurusha mawimbi ya redio ya masafa mafupi, huziunganisha simu na kompyuta zilizo karibu, na kuipa kila moja anwani ya namba, mfano 192.168.8.101. Kazi hii ya pili haihitaji bando. Inahitaji betri tu.

Mtauliza: mbona WhatsApp haikutuma faili, na wote walikuwa kwenye wifi moja? Ni kwa sababu ujumbe wa WhatsApp hauendi moja kwa moja kwa jirani yako. Huenda kwanza kwenye kompyuta za kampuni hiyo, huko mbali, kisha hurudi kwako. Njia ya nje ikikatika, umekwama.

Tumia programu ya kugawana mafaili ndani ya wifi. Mwenye faili huifungua, nayo humpa anwani. Wenzake huiandika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu zao na kulichukua faili. Ikikataa, fungua ukurasa wa mipangilio ya kifaa (nao hufunguka bila intaneti, anwani yake mara nyingi imo kwenye kibandiko ndani, chini ya betri) uone kama kimewekwa kuzuia simu zisionane. Kibandiko hicho pia kina neno la siri la kiwandani. Libadilisheni, maana kila aliyewahi kukishika kifaa ameshaliona!

Zaidi ya mafaili yenu, ipo programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Siku yenye bando unapakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja, ukaiweka kwenye kompyuta. Baadaye kompyuta hiyo huwagawia wenye simu kwa wifi bila bando lolote.

Sasa mtego, na huu umewala wengi. Simu ikiona kwamba wifi haina intaneti, huandika hivyo kwenye skrini, na nyingine huhamia kimyakimya kwenye data ya laini yako mwenyewe. Wewe unadhani uko kwenye wifi ya madrasa, kumbe salio lako linayeyuka. Zima data ya simu kwanza, ndipo uanze kugawana.

Bando likiwapo, hatari ni nyingine: simu huidhania wifi kuwa ya bure, zikaanza kujisasisha na kushusha video za makundi. Simu tano za namna hiyo humaliza bando la darasa zima kabla ya adhuhuri. Katika mipangilio ya simu nyingi za Android unaweza kuiwekea wifi alama kwamba ni ya kulipia, nayo ikapunguza ulafi huo.

Kifaa kiko katika kabati la ofisi, rafu ya pili. Anayekihitaji amwone mwalimu wa zamu, na akirudishe kikiwa kimechajiwa.