Nafaka ngumu kama kokoto

*Wanangu wanapenda nafaka za boksi kwa maziwa baridi, ila sukari yake inanitisha. Nilikaanga mtama na ulezi, nikawawekea maziwa. Ikawa kama wanatafuna kokoto. Iliyobaki kwenye kopo ikaanza kunuka. Nimekosea wapi? – Mama wa Watatu, Dodoma*

Mama, kosa si la nafaka. Umeruka hatua moja tu. Wanga hulainika ukipata maji na moto kwa pamoja. Punje iliyokaangwa kavu haitalainishwa na maziwa baridi.

Kwa hiyo anza na mkate, ili unga upate maji na moto kwa pamoja. Changanya vikombe 3 vya unga wa ngano isiyokobolewa na kimoja cha unga wa ulezi, vijiko vidogo 2 vya bekin pauda, chumvi kidogo na vikombe 2 vya mtindi. Oka kwa nyuzi 180 hadi uive (mkaa juu na chini pia unafaa), uache ulale. Kesho yake uvunjevunje, utandaze kwenye trei, uukaushe kwa moto mdogo ukigeuzageuza hadi chembe zilie kriki. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Usifunike kopo kabla hazijapoa kabisa. Mvuke unaofungiwa ndani ndio huleta ukungu.

Harufu kama ya mafuta yaliyochacha hutoka kwenye kiini cha nafaka, hivyo tengeneza za wiki moja au mbili tu. Ukiona ukungu, tupa yote: sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Utamu? Ndizi mbivu inatosha. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Mtoto akivimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula, mpeleke hospitali mara moja.